Watoto wanaotembea nyumba kwa nyumba sikukuu: tuwaandae kabla hawajatoka

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Wakuu, salaam. Shule zimefungwa, mvua huku Mbeya zimeshachanganya, na kila aliyekulia mitaa ya huku anajua kinachofuata. Tarehe 25 watu wakitoka ibadani, masufuria yanainjikwa, na kuanzia mchana makundi ya watoto waliovaa nguo mpya yanaanza kupita. Wanaanza kwa jirani wa ukuta mmoja, wanakwenda kwa mama mchungaji, kwa mwalimu, kwa mzee mwenye duka, na jua likizama wamemaliza mtaa. Tarehe 26 wanarudia nyumba walizoziruka. Mwaka Mpya vivyo hivyo, na Idi ikifika safari inaelekea kwa majirani Waislamu, watoto wa dini zote wamechanganyika.

Sasa nasikia wazazi wengi wakisema mwaka huu wangu hatoki. Geti linafungwa, televisheni inawashiwa katuni, mtoto anakula pilau ya kwao peke yake. Sababu wanazotoa nazielewa: watoto wanatia aibu, wanaingia bila hodi, wanaomba hela, wanaponda chakula cha watu. Lakini mtoto aliyefungiwa ndani atajifunzia wapi kuwa mgeni? Ataanza lini kuingia nyumba isiyo ya mama yake na kujua asimame wapi, aseme nini, aondoke saa ngapi? Mimi nasema waende. Ila waende wameandaliwa, na maandalizi yaanze wiki hizi, siyo asubuhi ya sikukuu huku unamfunga vifungo vya shati na kumtisha kwamba akirudi atanitambua.

Msingi wa yote, kwa jinsi ninavyowafundisha wa kwangu, ni mtoto kumtambua mwenye nyumba. Kuna mama aliyeamka alfajiri kuchambua mchele. Kuna baba aliyekopa ili watoto wa mtaa wapate soda. Mtoto akilijua hilo kwa dhati, nusu ya makatazo yetu hayahitajiki tena. Kwa hiyo kabla ya Krismasi, mtoto akae jikoni kwenu. Achambue mchele, amenye vitunguu saumu, aone viungo vinavyotwangwa na moshi unavyomtoa mama machozi, apeleke maji, aoshe sufuria lililoungua chini. Mtoto aliyesugua ukoko kwa steelwire hawezi kumwaga wali wa jirani chini ya meza.

Tuanze na mlango. Hodi inapigwa mara tatu, kwa sauti ya kusikika, ukiwa umesimama pembeni, siyo umebandika uso dirishani wala kufunua pazia. Usipojibiwa unaondoka. Huu msimu wa mvua una jambo lake kubwa, nalo ni tope. Mama wa watu amepiga deki tangu asubuhi, ametandika kapeti alilokuwa amelikunja chumbani kwa ajili ya siku hiyo, halafu watoto kumi wanaingia na viatu. Mfundishe mtoto avulie viatu barazani, avipange ukutani ncha zikitazama nje, apanguse miguu kwenye dekio lililowekwa mlangoni, ndipo akanyage ndani. Kama mwenyeji atasema "ingia tu navyo mwanangu", mtoto ajibu "asante mama" na avue. Wazazi, soksi zenye matundu zishoneni kabla, maana watoto wengi hawakatai kuvua kwa jeuri, wanaona haya tu.

Salamu. Shikamoo ni kwa kila mkubwa aliyemo, kuanzia aliye mzee zaidi, na mtoto asubiri marahaba kabla hajaenda kwa mwingine. Ile ya kusimama mlangoni na kuimba shikamooni kwa mpigo huku macho yako kwenye sahani za biskuti haitoshi. Na kuna mtu mmoja ambaye watoto wengi humpita: dada wa kazi. Yupo jikoni tangu asubuhi, ndiye aliyekupikia, ndiye atakayeosha sahani yako, na mara nyingi ni mkubwa kuliko wewe. Asalimiwe kama wengine, na ashukuriwe kwa kutajwa: "Dada, asante kwa chakula." Mimi nikitaka kujua mtoto amelelewaje, natazama hapo.

Kama nyumbani kuna bibi wa Kinyakyusa aliyekuja kutoka Rungwe au Kyela kula sikukuu na wanawe, mtoto akimwambia "ugonile" utaona uso wa bibi unavyobadilika. Iringa ni "kamwene". Hata kama lugha mtoto haijui, salamu moja haimshindi. Kuhusu kupiga magoti, watoto wa kike wengi wa huku bado wanapiga, na mimi sioni ubaya. Ninachopinga ni kumpigisha magoti binti huku kaka yake amesimama mikono mfukoni. Naye ainame.

Kwenye chakula ndiko kazi ilipo, nitashuka nalo kwenye posti inayofuata, umeme huku unarukaruka.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Nimerudi. Kunawa. Jagi na beseni vikiletwa, mkubwa kati ya watoto awamiminie wadogo, au kama kuna wazee, mtoto ainuke awamiminie wao kwanza. Mikono haikung'utwi hewani mpaka maji yakaruka kwenye nguo za wenzako. Sala ikisaliwa, hata siyo ya dini yenu, unatulia kimya mpaka imalizike.

Sinia moja watoto watano: kila mtu anakula upande wake, kilicho mbele yake. Nyama haiguswi hadi mkubwa aigawe. Hapo ndipo vurugu huanzia, na hapo ndipo mazoezi ya nyumbani yanaonekana. Kama nyumbani kwenu kila mtoto ana sahani yake mwaka mzima, wapikie wali kwenye sinia Jumapili mbili tatu kabla ya sikukuu, wajifunze kula pamoja. Tonge lisiwe kubwa kuliko mdomo, mdomo ufumbwe wakati wa kutafuna, mkono wa kushoto ubaki chini.

Soda moja ikiletwa kwa watoto wawili, inapokelewa kwa furaha ileile. Maneno kama "kwetu leo tumechinja kuku wawili" au "sisi kwa mama fulani tumepewa soda kila mtu" yapigwe marufuku kabisa. Nyumba nyingine wana pilau na nyama, nyingine ni ndizi na maharage, nyingine chai na maandazi. Mtoto asionyeshe kwa uso wala kwa mdomo kwamba ameona tofauti. Kwa mwenye maandazi akae muda uleule aliokaa kwa mwenye kuku.

Sasa kuna jambo linalowachanganya watoto wetu kuliko yote. Nyumbani tunawaambia usile kwa watu. Halafu sikukuu tunawaambia kukataa chakula ni dharau. Mtoto wa miaka sita afuate lipi? Anafika kwa jirani, sahani inawekwa mbele yake, anaanza kuangalia chini, anasema "mama kakataza". Hapo umemtukana jirani kupitia kinywa cha mtoto. Kaa na mwanao mezani kabla hajatoka, mtaje nyumba kwa jina: hapa na hapa na hapa utakula, kwingine utasalimia na kuendelea na safari. Kama una sababu zako za kutotaka aende nyumba fulani, usimweleze mtoto hizo sababu. Mwambie tu leo hampiti huko. Watoto hawana siri, na chuki ya watu wazima wakiibeba wao inafika mlangoni kwa mhusika siku hiyohiyo.

Na mfundishe sentensi moja itakayomwokoa mahali popote: "Asante, nimeshiba." Ikisemwa kwa utulivu, mwenye nyumba hakasiriki. Lakini aonje kidogo, hata tonge mbili.

Hela ya sikukuu. Hapa msimamo wangu ni mkali. Mtoto asiombe. Siku hizi wanaingia na "naomba sikukuu yangu" hata kabla ya shikamoo, na mwenye nyumba ambaye hana hata mia mbili anabaki kutabasamu kwa aibu. Akipewa, apokee kwa mikono miwili, ashukuru, aweke mfukoni bila kuitazama. Kulinganisha nani kapewa mia tano na nani kapewa mia mbili wakiwa bado barazani ni kumvunjia mtu heshima kwenye mlango wake.

Karibuni tujadili.

Mama wa Kihesa (Iringa)

Asante sana ndugu mwanzisha uzi, hili la dada wa kazi limenigusa. Swali langu: nina mtoto mwenye haya sana. Akifika kwa watu anajificha nyuma ya sketi yangu, shikamoo haitoki. Bibi yake anamfinya, anasema ana kiburi. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Mama, pole, na bibi tumheshimu, lakini kufinya kunamfundisha mtoto kwamba wageni wanaleta maumivu. Mwaka ujao atajificha zaidi. Mtoto mwenye haya mpe kazi mkononi. Hapo kwenu Iringa sahani za sikukuu bado zinatembea: pilau inapakuliwa, inafunikwa na sahani nyingine, inafungwa kwa kitambaa, mtoto anatumwa kwa jirani. Mtume yeye. Anza na jirani anayemzoea. Ana la kusema, "mama amesema mpokee", na ana cha kushika, kwa hiyo mikono haitetemeki. Sahani ikirudi ina kitu kutoka kwa jirani, naye anakuwa ameleta. Akishazoea kupeleka, kusalimia kunakuja kwenyewe.

Mchezo mwingine nyumbani: baba atoke nje apige hodi, mtoto awe mwenye nyumba. Amkaribishe, ampe kiti, amletee maji. Kisha mbadilishane. Baba ajifanye mgeni mkorofi anayepanda na viatu juu ya kochi, mtoto amsahihishe. Watacheka, lakini somo litakuwa limeingia.

Dereva wa lori (Tunduma)

Mkuu umeongea vizuri, ila nyie wa Mbeya mjini msisahau barabara. Mimi napita barabara kuu ya TANZAM, ya kwenda Zambia, kila sikukuu, kutoka Uyole hadi Nzovwe watoto wanavuka makundi kwa makundi, nguo nyeupe zinang'aa, macho yapo kwenye puto. Malori yanashuka na mzigo, bodaboda nao wameshalewa. Adabu mfundisheni, na kuvuka mfundisheni.

Mwanzisha uzi

Ubarikiwe dereva, hili lilistahili kuwa la kwanza. Kwangu sheria ni kwamba barabara kuu haivukwi sikukuu bila mtu mzima, hata kama mjomba yuko ng'ambo. Kundi liwe na kiongozi, mtoto mkubwa mwenye akili timamu wa darasa la sita au la saba, na yeye ndiye anayejibu kila mtoto yuko wapi. Wadogo wamshike mkono. Na warudi kabla giza halijaingia, maana jioni ya Krismasi ndiyo saa ya walevi.

Mwalimu mstaafu (Tukuyu)

Wanangu, nimesoma kwa furaha. Niongeze kitu cha huku kwetu Rungwe, kwa sababu vijana wanadhani watoto kula nyumba kwa nyumba ni uzururaji ulioletwa na miji. Zamani Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika. Watoto wa kiume wakifika miaka kama kumi walitoka nyumba za baba zao wakajenga vibanda vyao pamoja pembeni ya kijiji. Kulala walilala huko, mashamba walilima ya baba zao, na chakula walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, walioishi huku miaka ya 1930, waliliandika jambo hilo kwa urefu. Mama alijua kwamba mwanawe hali peke yake. Na kijana aliyekula kwa mama wa mwenzake alijua wajibu wake kwa nyumba ile: kuni, maji, kazi ya shamba. Heshima ilijengwa kwa kula pamoja na wenzako na kusikiliza wakubwa wanavyozungumza.

Mwanzisha uzi

Ndaga fijo, asante sana mwalimu. Shikamoo. Umenipa jambo la kuwaambia wangu usiku huu. Na hilo la wajibu kwa nyumba uliyokula ndilo nililotaka kusema, wewe umelisema vizuri zaidi. Sikukuu watoto wakimaliza kula waondoe sahani wenyewe, wapeleke jikoni, wafute walipomwaga. Mwenyeji atakataa, atasema acheni tu. Waondoe hivyohivyo.

Mzazi wa Mwanjelwa

Sisi ni Waislamu, majirani zetu wengi ni Wakristo na tunapendana. Watoto wangu huwa wanakwenda Krismasi. Tatizo la huku mnalijua, kitimoto iko kila kona. Mtoto ataulizaje bila kumkera mwenye nyumba?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hapa mzigo mkubwa ni wa mwenyeji kabla ya mtoto. Nyumba nyingi za Kikristo huku bado zinamwita jirani Mwislamu kuchinja kuku na mbuzi wa Krismasi, ili kila atakayeingia ale bila wasiwasi. Huo utaratibu tuushike. Na kama kuna nguruwe imepikwa, sufuria lake liwe mbali, na mama mwenye nyumba aseme mapema kabla watoto hawajanawa: "hii ni ya kuku, kachinja baba fulani." Isisubiri kuulizwa.

Mtoto naye akiwa na shaka amfuate mama mwenyeji pembeni, siyo mbele za watu, amuulize kwa upole: "Mama, samahani, hii ni nyama gani?" Akijibiwa siyo ya kwake, aombe wali na kachumbari, ale na ashukuru. Asikunje uso, asiteme mate, asiwaambie wenzake wanakula uchafu. Na watoto wetu wa Kikristo wakija kwenu Idi, nao wasiulize bia iko wapi kama niliyowahi kusikia mtoto mmoja akiuliza mbele ya sheikh.

Mchangiaji mpya

Mimi sikubaliani. Hizi shikamoo za kulazimisha na magoti ni kuwafanya watoto waogope watu wazima. Mtoto awe huru. Tena hao wakubwa wanaoheshimiwa ndio wanaowaharibu watoto.

Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako ya mwisho ni nzito na siipiti juujuu. Utii wa kila kitu kwa kila mkubwa ni hatari. Mtoto afundishwe vyote viwili siku moja, na meza moja. Shikamoo ni ya kila mkubwa. Mwili wake ni wake. Halazimiki kupakatwa, kubusiwa wala kukumbatiwa na mjomba yeyote hata kama ametoka Dar na zawadi. Haingii chumbani kwa mtu. Chakula kinaliwa sebuleni au barazani, penye wenzake. Hapokei kikombe cha ulanzi wala "onja kidogo tu" ya bia, hata akipewa na mwenye nyumba kwa kicheko; anasema "hapana, asante baba" na anaondoka. Mkubwa akimwambia "usimwambie mama", hilo ndilo jambo la kwanza kumwambia mama. Na wewe mzazi akikueleza, usimwambie hana adabu. Msikilize hadi mwisho. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure, iwe kwenye simu yako.

Lakini ndugu yangu, kusema kwamba heshima ndiyo inayoharibu watoto, hapo nakataa. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo imejaa haki za mtoto, inataja pia kwamba mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa na kuwasaidia. Mtoto anayejua kusalimia kwa sauti, akimtazama mtu, ndiye pia anayeweza kusema hapana kwa sauti. Yule aliyelelewa kwa kufokewa tu ndiye anayenyamaza.

Na wenyeji tujitazame. Mtoto amekusalimia, umeshika simu, unaitikia "mm". Umemkalisha nje na makombo huku watoto wa bosi wako wapo ndani kwenye kochi. Unamhoji: kwenu mmepika nini, baba yako amerudi, mama yako anafanya kazi wapi siku hizi. Mtoto ni mgeni. Mpe kiti, mpe sahani safi, umwite kwa jina lake.

Mama wa Kihesa (Iringa)

Nimeshaanza. Leo nimemtuma na maparachichi kwa jirani, amerudi na mahindi mabichi, anajisifu hadi sasa. Swali la mwisho: akivunja kitu cha watu je? Mwaka jana mtoto wa dada yangu alivunja glasi, wakakimbia wote.

Mwanzisha uzi

Hongera mama, na mtoto pia hongera.

Kuhusu kuvunja: asikimbie, na wenzake wasimkimbie. Asiokote vipande kwa mikono. Aende kwa mama mwenyeji yeye mwenyewe, siyo atume mdogo wake, aseme "mama, nimevunja glasi, naomba unisamehe." Atasamehewa, sikukuu hakuna anayepiga mtoto wa jirani kwa glasi. Akifika nyumbani akueleze, na wewe usimchape, kwa sababu ukimchapa aliyesema ukweli, mwakani atakimbia. Tarehe 27 maduka yakifunguliwa nendeni pamoja mkanunue glasi inayofanana na ile, achangie kwenye hela yake ya sikukuu hata kidogo, na aibebe mwenyewe hadi kwa jirani. Apige hodi yeye. Wewe kaa nyuma hatua chache, umwache aongee.